Maumivu ya kudumu baada ya upasuaji wa kubadilisha goti

Maumivu ya kudumu baada ya upasuaji wa kubadilisha goti ni maumivu yanayoendelea, au yanayoanza upya, katika goti lililowekewa kiungo bandia, ingawa muda wa kawaida wa kupona umeshapita. Kwa kawaida madaktari huyaita ya kudumu yakizidi miezi 3 tangu siku ya upasuaji. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-11), lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeyapa maumivu ya kudumu yanayofuata upasuaji nafasi yake ya pekee.

Upasuaji wa kubadilisha goti huwasaidia watu wengi sana, lakini si wote. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa nchini Uingereza mwaka 2012 yalionyesha kwamba mtu 1 kati ya 5 hivi hubaki na maumivu yanayomsumbua kwa muda mrefu. Kiasi hicho kilitofautiana kati ya asilimia 10 na 34 kadiri ya utafiti. Kwa upasuaji wa nyonga kilikuwa kidogo zaidi, yaani asilimia 7 hadi 23.

Maumivu hayo si ugonjwa mmoja, bali ni dalili yenye sababu nyingi. Kwa hiyo tiba yake inaongozwa na kanuni mbili: kwanza itafutwe sababu, hasa kuhakikisha kwamba goti halina maambukizi, pili, goti lisifunguliwe tena kwa upasuaji wakati sababu haijajulikana.

Upasuaji wenyewe

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja, mfupa wa muundi na kilegesambwa, ambacho huitwa pia pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloiwezesha kuteleza bila kusuguana. Gegedu likichakaa kwa sababu ya umri, uzito mkubwa, jeraha la zamani au ugonjwa kama baridi yabisi, goti huuma, hukakamaa na pengine hupinda.

Dawa na mazoezi yakishindwa kuleta nafuu, daktari wa upasuaji wa mifupa anaweza kukata tabaka jembamba la ncha za mifupa na kuzifunika kwa vipande vya metali, kama vile aloi ya kobalti na kromi au ya titani. Kati ya vipande hivyo huwekwa plastiki ngumu iitwayo polietilini. Mara nyingi vipande vya metali hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu.

Ingawa watu husema kwamba goti "limebadilishwa", kinachobadilishwa ni nyuso za mifupa tu. Ngozi, misuli, neva na sehemu kubwa ya kano hubaki zilezile. Ndiyo sababu maumivu ya goti lililopasuliwa hayatoki lazima kwenye kiungo bandia.

Jaribio la kale linalotajwa zaidi lilifanywa na Themistocles Gluck huko Berlin, Ujerumani, karibu na mwaka 1890, kwa kutumia viungo vilivyochongwa kutoka pembe za ndovu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na maambukizi yaliharibu kazi hiyo. Miundo inayofanana na ya leo ilianza miaka ya 1970, hasa kutokana na kazi ya John Insall na wenzake huko New York, Marekani.

Maumivu ya kawaida na dalili za hatari

Baada ya upasuaji ni kawaida goti kuuma, kuvimba na kuwa na joto. Maumivu makali hupungua katika wiki za kwanza, na watu wengi huona nafuu kubwa kabla ya miezi 3 kwisha. Nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka 1 hivi, na uvimbe mdogo au joto kidogo linaweza kubaki kwa miezi kadhaa. Ganzi kwenye ngozi ya upande wa nje wa kovu ni jambo la kawaida pia, kwa kuwa vitawi vidogo vya neva hukatwa wakati ngozi inapopasuliwa. Vilevile goti linaweza kutoa mlio mdogo linapokunjwa. Mlio usio na maumivu hauna madhara.

Dalili zifuatazo hazipaswi kusubiri siku ya miadi:
- homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya goti;
- jeraha kutoa majimaji au usaha, au kufunguka tena baada ya kupona;
- goti kuvimba na kupata joto ghafla (kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, hivyo joto na uvimbe ni ishara za kutegemewa zaidi);
- goti kushindwa ghafla kubeba mwili, hasa baada ya kuanguka;
- kigimbi kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mishipa.

Sababu

Sababu zilizo ndani ya goti

Ya kwanza kufikiriwa ni maambukizi. Bakteria, mara nyingi wa jenasi Staphylococcus, wanaweza kuingia wakati wa upasuaji au kufika gotini kwa njia ya damu miaka mingi baadaye, kwa mfano kutoka kwenye kidonda cha mguu. Maambukizi mengine hayana homa wala usaha. Dalili pekee huwa ni maumivu yasiyokwisha.

Sababu nyingine za ndani ni hizi:
- kiungo bandia kulegea kutoka kwenye mfupa, jambo ambalo mara nyingi huleta maumivu mtu anapoinuka na kupiga hatua za kwanza;
- goti kuyumba kwa sababu kano zake hazikupata mkazo unaolingana;
- vipande kuwekwa kwa pembe isiyofaa au kuwa na ukubwa usiolingana na mfupa;
- kilegesambwa kutopita katika njia yake, hali inayouma zaidi wakati wa kupanda na kushuka ngazi au kuinuka kwenye kiti;
- kovu nene kujijenga ndani ya goti na kulikakamaza;
- plastiki kuchakaa, au mfupa kuvunjika karibu na kiungo bandia.

Sababu zilizo nje ya goti

Ugonjwa wa nyonga unaweza kusikika gotini, na vivyo hivyo neva iliyobanwa kwenye uti wa mgongo wa kiunoni. Hutokea mtu akabadilishiwa goti lililochakaa kweli, kumbe sehemu ya maumivu yake ilitoka kwenye nyonga tangu mwanzo. Kano na vifuko vya majimaji vilivyo kandokando ya goti vinaweza kuvimba pia, na hivyo kuleta maumivu mahali pamoja ambapo mgonjwa anaweza kupaonyesha kwa kidole.

Neva na mfumo wa maumivu

Neva ndogo iliyokatwa inaweza kuota kivimbe chenye maumivu karibu na kovu. Maumivu ya neva huelezwa kama kuungua, kuchomwa na sindano au kupigwa na umeme, na pengine hata mguso wa nguo au shuka huuma. Mara chache mguu mzima huvimba, hubadilika rangi na joto, na kuuma kupita kiasi.

Tena, mtu aliyeishi na maumivu makali kwa miaka mingi anaweza kuwa na ubongo na uti wa mgongo uliozoea kupokea taarifa za maumivu kwa nguvu kupita kawaida. Kubadilisha goti hakuondoi mazoea hayo mara moja. Maumivu ya namna hiyo ni ya kweli: mgonjwa hayabuni, hata kama picha za eksirei hazionyeshi kasoro.

Walio katika hatari zaidi

Uwezekano wa kubaki na maumivu huongezeka kwa watu waliokuwa na maumivu makali kabla ya upasuaji, wenye maumivu sehemu nyingine za mwili, wenye huzuni kubwa au wasiwasi, na wale waliopata maumivu makali katika siku za kwanza baada ya upasuaji. Watu ambao gegedu lao lilikuwa halijachakaa sana kwenye eksirei huwa pia hawaridhiki sana na matokeo. Mambo hayo hayamzuii mtu kupasuliwa, ila humpa yeye na daktari wake sababu ya kuzungumza mapema juu ya matokeo yanayoweza kutarajiwa.

Uchunguzi

Uchunguzi huanza kwa maswali: maumivu yalianza lini, yako wapi, huja wakati gani, na je, yanafanana na yale ya kabla ya upasuaji? Goti ambalo halikupata nafuu hata siku moja humfanya daktari afikirie maambukizi, kiungo kisichokaa sawa au chanzo kilicho nje ya goti. Goti lililopona vizuri kisha likaanza kuuma baada ya miaka humfanya afikirie kulegea, kuchakaa kwa plastiki au maambukizi yaliyoletwa na damu. Baada ya hapo daktari huchunguza goti, nyonga na mgongo.

Vipimo vya damu viitwavyo CRP na ESR huonyesha kama mwili una uvimbe wa ndani. Vikiwa juu, au shaka ikibaki, majimaji ya goti hutolewa kwa sindano katika hali ya usafi kamili, kisha huhesabiwa seli nyeupe za damu na kuoteshwa maabara ili kutambua bakteria. Katika goti bandia lililokwisha kupona, idadi inayozidi seli 3,000 kwa kila maikrolita huongeza sana shaka ya maambukizi, ingawa katika goti la asili idadi hiyo isingehesabiwa kuwa kubwa.

Kosa la kuepukwa hapa ni kumpa mgonjwa antibiotiki kabla ya majimaji kuchukuliwa. Dawa hizo hupunguza bakteria bila kuwamaliza, hivyo maabara huweza kutoa jibu la kwamba hakuna maambukizi wakati yapo. Ikiwa mgonjwa ameshaanza kuzitumia na hali yake inaruhusu kungoja, kwa kawaida daktari humwagiza aziache kwa wiki 2 au zaidi kabla ya kipimo. Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako watu wengi hununua antibiotiki kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari. Anayefanya hivyo kwa ajili ya goti bandia linalouma anaweza kujichelewesha mpaka kiungo kishindwe kuokolewa.

Picha za eksirei hulinganishwa na zile za zamani, kwa kuwa mabadiliko kati ya picha mbili huonyesha kulegea vizuri kuliko picha moja. Picha za CT husaidia kupima kama vipande vimezungushwa kwa pembe isiyofaa. Picha za mifupa zinazotumia dawa yenye mnururisho huonyesha mahali ambapo mfupa unafanya kazi kupita kawaida. Hata hivyo, goti lisilo na kasoro linaweza kuonekana hivyo kwa mwaka 1 au zaidi baada ya upasuaji. Sindano ya ganzi karibu na neva au kano inayoshukiwa ni kipimo pia: maumivu yakitoweka kwa muda, chanzo kimepatikana.

Tiba

Maambukizi

Maambukizi yakigunduliwa katika wiki za kwanza, goti linaweza kufunguliwa, kuoshwa na kubadilishiwa plastiki huku metali ikiachwa mahali pake, kisha mgonjwa hutumia antibiotiki kwa wiki nyingi. Yakichelewa, bakteria hujijengea utando juu ya metali, na utando huo huwakinga dhidi ya dawa. Hapo kiungo bandia hutolewa. Kingine huwekwa katika upasuaji uleule, au katika upasuaji wa pili baada ya wiki au miezi kadhaa. Katika muda huo goti huwekewa kipande cha saruji chenye antibiotiki. Vidonge peke yake kwa kawaida havitoshi kuponya maambukizi ya goti bandia.

Upasuaji wa marudio

Kiungo kilicholegea, goti linaloyumba, plastiki iliyochakaa au mfupa uliovunjika ni kasoro zinazoweza kurekebishwa kwa upasuaji. Upasuaji huo ni mkubwa kuliko wa kwanza, hupoteza mfupa zaidi, na hatari yake ya maambukizi ni kubwa zaidi. Hufaa pale ambapo kasoro imethibitishwa na inaelezea maumivu. Upasuaji unaofanywa kwa sababu tu goti linauma, bila kasoro kuonekana, mara nyingi huacha maumivu palepale au kuyaongeza. Mgonjwa anayeambiwa apasuliwe tena ana haki ya kuuliza ni kasoro gani hasa inayokwenda kurekebishwa, na pia kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Goti lililokakamaa

Goti lisilokunjika vya kutosha hutibiwa kwanza kwa fiziotherapia. Isipotosha, daktari anaweza kulikunja akiwa amempa mgonjwa nusukaputi au ganzi, na jambo hilo hufaulu zaidi likifanyika ndani ya miezi 3 ya kwanza. Baadaye kovu huwa gumu, na pengine hulazimu kukatwa.

Mazoezi

Msuli wa mbele ya paja hudhoofika kabla ya upasuaji na baada yake. Ukiwa dhaifu, kilegesambwa hubeba mzigo zaidi na goti huhisi kama linataka kuachia. Mazoezi ya kuuimarisha pamoja na misuli ya nyonga, kutembea kwa umbali unaoongezwa kidogokidogo, kuendesha baiskeli isiyosogea au kufanya mazoezi ndani ya maji ni sehemu ya tiba karibu katika kila hali. Maumivu madogo yanayotulia baada ya mazoezi si dalili kwamba kiungo kinaharibika.

Dawa

Parasetamoli inaweza kusaidia, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli na mofini, zina nafasi yake katika siku za kwanza baada ya upasuaji. Kwa maumivu ya kudumu faida yake hupungua, huku hatari ya uraibu ikikua.

Maumivu yenye dalili za neva hayasikii vizuri dawa za kawaida. Kwa hayo hutumika amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini, ambazo huanzwa kwa kipimo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Sindano za steroidi ndani ya goti bandia kwa kawaida huepukwa, kwa kuwa zinaweza kuingiza maambukizi. Kupigwa chale juu ya goti hilo ni hatari vilevile, kwa sababu ngozi iliyokatwa ni mlango wa bakteria.

Neva

Kivimbe cha neva kilichothibitishwa kwa sindano ya ganzi kinaweza kuondolewa. Katika vituo vingine neva ndogo zinazobeba hisia za goti huunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio ili zisipeleke taarifa za maumivu kwa miezi kadhaa. Neva hizo zinaweza kuota tena na maumivu kurudi.

Usaidizi wa kisaikolojia

Maumivu ya muda mrefu huharibu usingizi, na ukosefu wa usingizi huongeza maumivu. Tiba ya mazungumzo humsaidia mgonjwa kuvunja mzunguko huo, kupunguza hofu ya kutembea na kurudia kazi zake. Kupelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia hakumaanishi kwamba daktari haamini maumivu yake.

Utaratibu wa STAR

Zamani wagonjwa wengi waliambiwa wavumilie tu. Utafiti uitwao STAR, uliofanyika katika hospitali 8 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, ulijaribu njia nyingine. Watu 363 waliokuwa na maumivu miezi 3 baada ya kubadilishiwa goti waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walipata huduma ya kawaida. Wengine walichunguzwa na mtaalamu aliyetafuta sababu, akawapeleka kwa daktari wa upasuaji, mfiziotherapia, daktari wa familia au kliniki ya maumivu kadiri ya alichokiona, kisha akawafuatilia kwa simu. Baada ya mwaka 1 kundi la pili lilikuwa na maumivu kidogo zaidi, na utaratibu huo haukuonekana kuwa ghali kuliko huduma ya kawaida. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionyesha kwamba kufuatilia mapema kunafaa kuliko kungoja.

Maisha ya kila siku

Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu usiopasuliwa. Ikishikwa hivyo hupunguza uzito unaoliangukia goti linalouma. Kupunguza uzito wa mwili husaidia pia.

Goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120 hivi, wakati kuchuchumaa kabisa kunadai zaidi. Kwa hiyo choo cha kuchuchumaa, kufua au kupika kwenye kigoda kifupi vinaweza kuleta maumivu hata kama kiungo hakina kasoro. Kiti cha choo kilichoinuliwa na meza ya kazi ni msaada mkubwa. Kupiga magoti baada ya jeraha kupona kwa kawaida hakuharibu kiungo, lakini wengi huona ni vigumu kwa sababu ya kovu na ganzi. Wengine huzoea kwa kutumia mto laini. Mwislamu asiyeweza kusujudu kwa sababu ya goti anaruhusiwa na dini yake kusali akiwa amekaa kwenye kiti.

Hali katika Afrika Mashariki

Upasuaji wa kubadilisha goti hufanyika katika hospitali kadhaa za kanda hii, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Wengine husafiri hadi nchi za nje, hasa Uhindi. Anayepasuliwa mbali na nyumbani hupata shida maumivu yanapobaki, kwa kuwa daktari atakayemwona hakulifungua goti lake. Kwa hiyo ni muhimu arudi na ripoti ya upasuaji, picha za eksirei za kabla na baada, na maelezo ya aina na ukubwa wa kiungo bandia. Bila maelezo hayo ni vigumu kuagiza vipande vinavyolingana ikihitajika kurekebisha.

Uswidi ilianzisha daftari la kitaifa la magoti bandia mwaka 1975, na Malawi, jirani ya Tanzania, ilianzisha daftari la viungo bandia mwaka 2005. Madaftari ya namna hiyo huonyesha viungo gani hudumu na vipi hushindwa mapema.

Kinga

Sehemu ya kinga hufanyika kabla ya upasuaji: kuchunguza nyonga na mgongo, kudhibiti kisukari, kuacha sigara, kutibu vidonda vya ngozi na meno mabovu, kuimarisha misuli ya paja na kutibu huzuni. Baada ya upasuaji, maumivu ya siku za kwanza yadhibitiwe vizuri ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi. Kwa miaka yote inayofuata, vidonda vya miguu na maambukizi mengine yatibiwe mapema, na kila daktari anayemtibu mtu huyo aambiwe kwamba ana goti bandia.